Ule unga wa "kinga" wa vifaranga, na safari ya jeni kutoka bandani hadi hospitalini



Majuzi nilikuwa kwa kijana mmoja anayefuga kuku wa nyama, mia nane kwa mkupuo. Banda safi, maranda makavu, joto la vifaranga liko sawa. Nikafurahi. Kisha nikaona kwenye rafu pakiti tatu za unga wa kuchanganya kwenye maji, moja imekatwa pembe na kufungwa kwa mpira. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Ya kinga, afisa. Siku tatu za mwanzo, kila mkupuo. Hiyo ndiyo imenitoa." Nikaigeuza pakiti, nikasoma mgongoni. Kati ya dawa zilizoandikwa pale, mojawapo ilikuwa Colistin.

Sikumgombeza, na nina sababu. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe nimewaandikia wafugaji unga wa aina hiyo hiyo, kwa mkono wangu: "Siku 3 hadi 5, mara vifaranga wanapofika." Ndivyo nilivyowakuta walionitangulia wakifanya. Vifaranga hawakufa, mfugaji akashukuru, nami nikaona nimefanya kazi. Leo nataka nieleze kilichonifanya niache. Kilianzia mbali, kwa nguruwe wa China, na tusingekijua vizuri kama watu wasingekuwa wanasoma vinasaba vya bakteria na kuviweka mahali ambapo wengine wanaviona.

Tuanze na dawa yenyewe.

Kolistini ni antibiotiki ya zamani. Kwa binadamu ilianza kutumika miaka ya 1950, lakini kufikia miaka ya 1970 madaktari wengi walikuwa wameiweka kando kwa sababu ilikuwa inaumiza figo, na dawa salama zaidi zilikuwa zimepatikana. Huku kwetu kwenye mifugo haikuwekwa kando. Ni ya bei nafuu, na mnyama akiinywa sehemu kubwa inabaki tumboni badala ya kuingia kwenye damu, kwa hiyo ikapendwa kwa kuhara kwa nguruwe, ndama na vifaranga. Nchi kadhaa zikaenda mbali zaidi: ikawa inachanganywa kidogo kidogo kwenye chakula kila siku, wala si kwa ajili ya kutibu, bali mnyama anenepe haraka.

Baadaye mambo yakageuka hospitalini. Bakteria wakaanza kuzishinda dawa moja baada ya nyingine, hadi zile za kundi la karbapenemu ambazo ndizo zilikuwa akiba. Madaktari wakarudi kabatini, wakaikumbuka kolistini. Figo au si figo, mgonjwa mahututi au mtoto njiti mwenye bakteria kwenye damu wasiosikia dawa nyingine anaweza kubaki na hiyo tu. Na tusidhani hayo ni mambo ya mbali: watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na mzigo mkubwa zaidi kwa idadi ya watu ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa hiyo dawa ambayo daktari wa wodi ya watoto anaiandika akiwa hana nyingine, sisi tulikuwa tunaimwaga kwenye ndoo kama chumvi.

Kilichoonekana kwa nguruwe

Kwa miaka mingi tulijifariji kwamba usugu dhidi ya kolistini hausambai. Bakteria aliweza kuwa sugu, ndiyo, lakini kwa kubadilika kwenye vinasaba vyake vikuu, na mabadiliko hayo aliwarithisha watoto wake tu. Ukoo mmoja sugu, hadithi inaishia hapo.

Watafiti wa China walikuwa wakifuatilia bakteria wa E. coli kwa wanyama wa chakula, wakaona usugu wa kolistini unapanda kwa kasi isiyoelezeka kwa njia hiyo ya kurithishana. Bakteria mmoja aliyetoka kwa nguruwe wa shamba kubwa la Shanghai, mwaka 2013, ndiye aliyefungua fumbo. Walipomweka pamoja na bakteria mwingine asiye sugu, yule mwingine naye akawa sugu. Usugu ulikuwa umebebwa kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA cha duara ambacho bakteria anaweza kukinakili na kumpa jirani yake, hata jirani wa jamii nyingine. Ni kama unavyomrushia mwenzio wimbo kwenye simu. Wewe unabaki nao, yeye anao, na simu zenu si lazima ziwe za kampuni moja.

Jeni waliyoikuta humo wakaiita mcr-1. Habari ikachapishwa Novemba 2015, pamoja na hesabu zilizotisha wengi. Katika nyama mbichi, sampuli 78 kati ya 523 zilikuwa nayo. Kwa wanyama, 166 kati ya 804. Kwa wagonjwa waliolazwa, 16 kati ya 1,322. Hebu tazama mtiririko huo: kwa wanyama ni mmoja kwa watano hivi, hospitalini ni mmoja kwa mia. Hesabu peke yake haithibitishi njia, lakini ilionyesha upande gani mzigo ulikuwa mkubwa.

Kusoma vinasaba, kwa lugha ya shambani

Maabara nyingi zetu hupima usugu kwa kuotesha. Unachukua sampuli, unawaotesha bakteria kwenye sahani yenye chakula chao, unaweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Kesho yake dawa inayofanya kazi utaiona imezungukwa na duara tupu. Kipimo hicho ni kizuri na bado ndicho ninachotaka ukidai. Lakini kinajibu swali moja tu: dawa hii inamuua au haimuui? Hakikuambii usugu umeletwa na nini, wala kama bakteria wa bandani kwako ni ndugu wa yule aliyeonekana mkoa mwingine. Na kolistini ina ugumu wake zaidi, kwa sababu haisambai vizuri kwenye sahani, hivyo kile kipimo cha vidonge vya karatasi hakiaminiki kwake.

Kusoma vinasaba kunaenda ndani zaidi. Bakteria wanaoteshwa vile vile, kisha wanapasuliwa na DNA yao inatolewa. DNA ni maandishi marefu ya herufi nne tu: A, T, G na C. Ya E. coli mmoja ni herufi kama milioni tano. Mashine inasoma vipande vipande, halafu kompyuta inaviunga kwa kutazama vinapofanana mwisho na mwanzo, kama mtu anayeunga gazeti lililochanwa. Zipo mashine kubwa kama friji, na ipo ndogo ya kushika mkononi inayochomekwa kwenye kompyuta mpakato. Maandishi yakishapatikana, yanalinganishwa na orodha ya jeni za usugu zinazojulikana. Mojawapo inayotumika sana inaitwa ResFinder, ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, na mtu yeyote mwenye intaneti anaitumia bure. Jeni ya mcr-1 ina herufi 1,626. Kuitafuta ndani ya milioni tano ni kazi ya dakika chache.

Sasa utamu uko hapa. Maandishi yakishasomwa hayaozi. Sampuli ya kinyesi ukiimaliza imekwisha, lakini DNA iliyosomwa inakaa kwenye kompyuta ikisubiri swali ambalo bado hakuna aliyelifikiria.

Habari ya mcr-1 ilipotoka, Wadenmark hawakwenda kukusanya sampuli mpya. Walifungua kabati lao la kompyuta lenye bakteria kama 3,000 waliokwisha kusomwa kwa sababu nyingine kabisa, wakaandika herufi za jeni ile, wakatafuta. Kufikia Desemba mwaka huo huo walikuwa na majibu: mgonjwa mmoja aliyekuwa na bakteria kwenye damu, na sampuli tano za nyama ya kuku iliyoagizwa kutoka nje ya nchi. Waingereza wakafanya hivyo hivyo kwa bakteria wao kama 24,000, wakakuta 15 wenye jeni. Nchi baada ya nchi ikatazama kabatini kwake. Katika muda mfupi sana ikajulikana kwamba kitu kilichoonekana kipya kilikuwa kimeshasafiri, kimekula, kimelala, na hakuna aliyekiona.

Nani alidesa kwa nani

Kujua kwamba jeni iko mahali fulani ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua ilitoka wapi.

Mkumbuke shule. Mwalimu anasahihisha madaftari arobaini, anakuta watano wameandika "Kilimajaro" badala ya Kilimanjaro. Hahitaji kuuliza, anajua hao wamedesa. Na kama wawili kati ya hao watano wana kosa la pili linalofanana, anajua hao wawili wako karibu zaidi. Bakteria naye kila anapogawanyika ananakili herufi zake zote, na mara moja moja anakosea. Kosa linarithiwa. Ukiyapanga makosa, unapata ukoo mzima: nani mjomba, nani binamu, na kwa kukadiria kasi ya kukosea unaweza hata kukisia babu yao aliishi lini.

Mwaka 2018 watafiti walitoa kazi ya namna hiyo juu ya bakteria 457 wenye mcr-1, kutoka kwa watu na wanyama wa mabara matano. Walichokisoma kwenye makosa ya kunakili ni kwamba jeni ile iliruka na kuingia kwenye kipande kinachohamahama mara moja, katikati ya miaka ya 2000, na ushahidi ulielekea kwa nguruwe wa China. Mara moja tu! Halafu ikasambaa duniani kwa miaka kama kumi. Mimi hapo ndipo niliponyamaza kidogo. Nilikuwa nikidhani usugu ni kama kutu, unaota kila mahali kivyake, kwa hiyo kipakiti changu kimoja si kitu. Kumbe tukio moja, kwenye utumbo wa mnyama mmoja anayekula dawa kila siku, linaweza kutosha.

Walipofunga bomba

Nisikuache na hofu tupu, maana hadithi hii ina sehemu ambayo wafugaji tunaijadili kidogo mno.

China ilipiga marufuku kolistini kama kichocheo cha kunenepesha mifugo, marufuku ikaanza kazi mwisho wa Aprili 2017. Kwa kutibu, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, iliruhusiwa bado. Uzalishaji wa kolistini nchini humo ulikuwa tani 27,170 mwaka 2015. Mwaka 2018 ulikuwa tani 2,497. Watafiti wakarudi kupima. Kwa nguruwe, bakteria wa E. coli wasiosikia kolistini walishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015 na 2016 hadi asilimia 5.1 mwaka 2017 na 2018. Kwa kuku, kutoka asilimia 18.1 hadi 5. Na kwa watu, waliobeba mcr-1 walipungua kutoka asilimia 14.3 mwaka 2016 hadi 6.3 mwaka 2019.

Kwa nini ishuke? Plasmidi ni mzigo. Bakteria anayeibeba anatumia nguvu kuinakili kila anapogawanyika. Dawa ikiwepo, mzigo unamlipa, kwa sababu wenzake wanakufa yeye anabaki. Dawa ikiondoka, anabaki na mzigo usio na faida na wenzake wepesi wanampita. Si kila jeni ya usugu hutii hivyo, zipo zinazong'ang'ania miaka na miaka. Lakini hii ilitii, na haraka kuliko nilivyotegemea.

Na hapa nyumbani Afrika Mashariki?

Kazi nzuri ninayoijua ilifanyika Nairobi. Watafiti waliingia kaya 99 za mjini, wakachukua E. coli kwa watu, kwa mifugo, na kwa wanyama pori wanaoishi karibu na nyumba, wakasoma vinasaba vya bakteria 1,338. Matokeo yalichapishwa 2022, na hayakuwa yale ambayo watu wa maneno makali wangeyapenda. Bakteria walionekana kufuata kaya na aina ya kiumbe: wa nyumba moja walifanana zaidi na wa nyumba hiyo, wa kuku na wa kuku, wa watu na wa watu. Kushirikiana bakteria kati ya mtu na mnyama kulikuwepo, lakini mara chache sana zaidi. Kwa upande wa jeni za usugu, kufanana kulikwenda kwa mpangilio mwingine, unaoelekea kuelezwa na watu na wanyama kukutana na dawa zile zile.

Kwa hiyo akija mtu akakuambia kuku wako ndio wanaoijaza hospitali wagonjwa sugu, mwambie ushahidi wa Nairobi hausemi hivyo. Na akija muuza dawa akakuambia bandani na hospitalini ni dunia mbili, mwambie ushahidi hausemi hivyo pia.

Tena, dawa si jambo pekee. Mradi mmoja mkubwa ulikusanya maji taka kutoka nchi 60 na kusoma DNA yote iliyomo kwa mpigo, bila kuotesha chochote. Tofauti za usugu kati ya nchi na nchi zilifuatana sana na hali ya usafi wa mazingira na afya ya jamii. Vyoo, mitaro, maji safi. Ukiimwaga samadi mbichi ya kuku kwenye mchicha kando ya mto, umejiunga na mkondo huo. Ilundike, iive kwa joto kwanza.

Sasa turudi kwenye ile rafu

Nilikaa na yule kijana kwenye ndoo iliyopinduliwa tukapiga hesabu. Pakiti zile zilikuwa zinamgharimu kila mkupuo, na hakuwa anajua zinazuia nini. Nikamwuliza vifaranga wake wa mikupuo ya kwanza walikufa kwa nini. Akaeleza: walijikusanya kona moja, wakalowa kwenye vyombo vya maji, wengine kitovu kilikuwa hakijafunga. Ndugu yangu, hiyo ni baridi, ni vyombo vibaya, na ni kifaranga dhaifu tangu kiwandani. Antibiotiki haitengenezi taa ya joto. Siku hizi taa zake ziko sawa na vyombo amebadilisha, lakini sifa zote amempa unga.

Kideri na gumboro ni virusi, na antibiotiki haivigusi. Dawa yake ni chanjo kwa wakati, kwa maji yasiyo na klorini. Ukianzisha antibiotiki kwa sababu ya kideri, umelipia kitu kisichofanya kazi na umewafunza bakteria wa tumboni kazi mpya bure.

Siwaambii muache kutibu. Kuku mgonjwa wa bakteria atibiwe, kwa dawa sahihi, kwa dozi inayotokana na uzito wa kuku na maji wanayokunywa kweli siku hiyo, hadi siku ya mwisho iliyoandikwa. Nusu dozi ili pakiti ifike mikupuo miwili ndiyo shule nzuri kuliko zote kwa bakteria. Kabla ya kununua, geuza pakiti. Ukiona Colistin, au Polymyxin ambayo ni ya ukoo huo huo, irudishe na uombe daktari wa mifugo akuandikie nyingine. Akisisitiza ni hiyo hiyo, akuonyeshe majibu ya maabara.

Na andika. Daftari la kawaida tu: tarehe, dawa, kiasi, siku ngapi, sababu, siku ya kuanza kuuza tena nyama au mayai. Watafiti wakija kusoma bakteria wa mkoa wetu, bila daftari lako watajua bakteria ni sugu lakini hawatajua alikunywa nini. Na mnunuzi wa hoteli akikuuliza umetumia dawa gani, una cha kumwonyesha.

Kuku wakianza kufa, peleka sampuli kabla ya kuwapa antibiotiki yoyote, maana ukishawapa, maabara inaweza isioteshe kitu. Chukua wawili au watatu wagonjwa walio hai, au waliokufa saa chache zilizopita, funga kwenye mifuko miwili, weka kwenye boksi lenye barafu lakini wasigande. Andika umri, idadi bandani, vifo kwa siku, na chanjo walizopata. Peleka maabara ya TVLA ya kanda yako, na uombe kwa maneno haya: "Nataka muoteshe na mpime dawa ipi inafanya kazi." Majibu yanachukua siku kadhaa. Hali ikiwa mbaya, daktari ataanza tiba sampuli ikishatoka, kisha atabadilisha majibu yakija.

Yule kijana anapokea vifaranga Alhamisi. Tumekubaliana mkupuo huu hautumii unga, na nitapita siku ya tatu na ya saba kuhesabu vifo pamoja naye. Nitawaletea hesabu hiyo hapa, iwe nzuri au mbaya.